Gari la Mbele

Mwalimu Breki alikuwa na ugonjwa wa mguu ambao hakuna daktari aliyewahi kuupima. Ungemkuta ameketi kwenye kochi lake anasikiliza taarifa ya habari, na mtu akidondosha kikombe jikoni, mguu wake wa kulia ulikita sakafuni, puu, kana kwamba anaizuia nyumba isigonge kitu. Hayo ndiyo malipo ya kufundisha udereva tangu ujana hadi mvi. Gari la kujifunzia lina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na kazi ya mwalimu ni kukaa kiti cha pembeni, kuikodolea macho barabara asiyoiendesha yeye, na kuwahi kukanyaga kabla mwanafunzi hajaua mbuzi wa watu. Huko ndiko alikopatia jina. Lile la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata alipoitwa kwalo benki aligeuka kutazama ni nani huyo anayeitwa.

Dereva hasa alikuwa mkewe. Watu walimwita Mama Mkate kabla hajapata mtoto hata mmoja, kwa sababu aliendesha gari la kusambazia mikate, gari refu jeupe lenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Walikutana kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa, Jumapili moja baada ya mvua. Mwalimu alikuwa amempeleka mwanafunzi mwoga akajifunze kurudi nyuma mahali pasipo na watu. Hawajaanza, mara likatokea gari la mikate linakuja kwa ubavu kati ya mapipa mawili.

Siyo kwamba lilikuwa limemshinda mtu. Lilikuwa linaendeshwa hivyo kwa makusudi. Yule dada aliingia kwenye kona na kasi yake, akavuta breki ya mkono kidogo tu, mkia wa gari ukatoka, kisha badala ya kupiga kelele kama binadamu wengine akageuza usukani kuufuata mkia kule ulikokwenda, akaongeza moto. Gari likawa linakwenda huku limetazama pengine, kama mtu anayepita mlangoni amebeba godoro. Kreti tupu zilikuwa zinagongana nyuma, na mwenyewe usoni hana hata wasiwasi.

Mwalimu alishuka na ukali wake wote wa kazini. "Dada, unataka kujiua?"

"Kwani nimegonga nini?" akauliza yule dada.

"Utagonga! Ukuta ule pale huuoni?"

"Siutazami. Ukitazama ukuta unaugonga. Mimi natazama mlango ninaotaka kutokea." Akamfungulia mlango wa abiria. "Panda uone."

Akapanda. Mzunguko mzima mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haikuwepo, mpaka zulia la gari likakunjika, na yule dada alicheka hadi machozi yakamtoka. Ndoa yao ilianzia hapo, na ukitaka ukweli ilibaki hivyo hivyo miaka yote: mmoja anaendesha, mwingine anakanyaga.

Wakapata binti mmoja, akakua, akasoma, akaolewa mji wa mbali. Halafu mgongo wa Mama Mkate ukaanza kudai. Miaka ya kupakua kreti na kuserereka kwenye uwanja wa kiwanda ilimfikishia hesabu kwa mkupuo, na daktari akamwambia usukani wa gari kubwa basi. Alikaa ndani miezi mingi anatazama dirisha. Siku moja akarudi kutoka mjini na boksi, na ndani yake kulikuwa na gari la urefu wa kiatu cha mwanamume, pamoja na rimoti yenye umbo la bastola.

Mwalimu alidhani ni zawadi ya mjukuu. "Mjukuu mwenyewe ni mimi," alisema mkewe, akaanza kukunja zulia la sebuleni.

Magari hayo madogo yana ujanja wake. Magurudumu yake ni ya plastiki ngumu iliyo laini kama kitako cha sahani, hayashiki kigae hata kidogo, kwa hiyo gari haliwezi kwenda ila kwa kuteleza. Ndani yake kuna kidude kidogo kinachohisi mkia ukitoka na kuyarudisha magurudumu ya mbele upande unaofaa. Kidole cha shahada kinavuta moto, kama mguu kwenye pedali ya mafuta, mkono wa pili unazungusha usukani. Ukisikia hivyo unasema mchezo wa watoto. Basi jaribu. Gari likienda mbali nawe, kulia kwake ndiko kulia kwako, lakini likikugeukia, kulia kunakuwa kushoto, na kabla akili haijatafsiri limeshabusu mguu wa kochi. Mama Mkate mwenyewe alihangaika wiki nzima. "Gari kubwa linaendeshwa kwa makalio," alisema. "Linakwambia kiunoni kwamba mkia unaondoka. Hili halikwambii kitu. Hili ni la macho matupu."

Mwalimu naye akanunua lake, kwa sababu kukaa unamtazama mtu anayefurahi peke yake ni kazi ngumu. Zulia halikurudi tena. Makochi yalisukumwa ukutani, chupa za maji zikawa nguzo za kona, na kila jioni wawili hao walisimama bega kwa bega mlangoni pa jikoni wakicheza mchezo wa kufukuzana. Kanuni yake ni hii: gari la mbele linachagua njia, la nyuma linalifuata kwa mlalo ule ule wa ubavu, pua yake karibu na mlango wa mwenzake, lisimguse na lisiachwe. Mama Mkate alikaa mbele, Mwalimu nyuma. Hawakupangana wala hawakuwahi kubadilishana. Mtu aliyeishi kiti cha pembeni angetangulia kwenda wapi?

Na alikuwa hodari, au tuseme alijiona hodari. Mzunguko ukiisha salama alikuwa anaruka kama kijana: "Hujaniacha! Umeona? Hujaniacha!"

Mkewe alikuwa anapuliza kidole chake cha shahada, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, na kumjibu, "Leo umenibana kweli, Mwalimu."

Jumamosi walikwenda kwa Kinyozi. Huyu alikuwa na ukumbi nyuma ya duka lake la kunyolea, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, na wapenda magari madogo wa mji ule walikutana hapo. Walikuwa na adabu zao. Ya kwanza, rimoti ya mtu ni kama mswaki wake, haishikwi na mwingine, hata mke na mume. Ya pili, betri isilale imejaa, kwa sababu betri za aina ile zikikaa na chaji kamili muda mrefu zinaharibika kimyakimya. Hiyo ya pili ilikuwa hotuba ya Mwalimu. Mgeni alikuwa hajavua kofia ameshahutubiwa kuhusu betri. Na baada ya hotuba ilifuata majisifu: kwamba katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kumwona yeye ameachwa na mkewe, na asemaye aliona ajitokeze. Hakujitokeza mtu.

Mama Mkate alikufa msimu wa mvua. Alikuwa na homa ya siku chache ambayo wote walidhani ya kupita. Jumamosi ile alikuwa ameshachaji betri yake ikajaa, akaifunga ndani ya gari, akafunika bodi, lile ganda la juu, halafu akasema, "Ngoja nijinyooshe kidogo, nitakukuta huko." Mwalimu alitangulia ukumbini. Ndiyo mara pekee aliyotangulia, na hakufuatwa.

Baada ya matanga, watu walipokwisha kutawanyika na binti amerudi kwake, gari lile lilibaki rafuni kando ya televisheni, rimoti pembeni yake. Mwalimu hakuligusa. Alilifuta vumbi kwa pumzi tu.

Nyumba ikawa kubwa. Mchana kulikuwa na wanafunzi, lakini jioni alirudi, akafungua mlango, na miguu yake ikasikika kila chumba. Alikuwa anapika chakula cha watu wawili kwa mazoea, kisha anakila chote kwa ukaidi. Akimaliza alitoa gari lake, akasimama mlangoni pa jikoni, upande wake ule ule wa kushoto, akaacha nafasi ya mtu kulia. Gari lilikwenda hadi kona ya kwanza likasimama. Halikuwa bovu. Lilikuwa halina wa kumfuata. Miaka yote hiyo hakuwahi kuchagua njia, na sasa sakafu nzima ilikuwa mbele yake, na hakujua pa kwenda. Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema, wala gari moja halifukuzani.

Ukumbini walimhurumia. Kila Jumamosi mmoja alijitolea kumtangulia, na kila mmoja alikuwa balaa kwa namna yake. Fundi bomba alikwenda kama anakimbia deni. Mwuza viatu alibadili njia katikati ya kona. Kinyozi mwenyewe, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote, alimwacha Mwalimu nyuma kwenye mzunguko wa kwanza tu, na alipojaribu kupunguza wakagongana. Mwalimu alisema vijana wa siku hizi wana pupa. Alisema sakafu imechakaa. Wiki iliyofuata alisema ana kikohozi, kisha akaacha hata kutoa udhuru.

Kazini napo aliharibu. Alianza kukanyaga breki mapema mno. Mwanafunzi alikuwa hajaona hata kona, gari limeshasimama, na magari ya nyuma yanapiga honi. "Mwalimu, mbona huniachi niendeshe?" mama mmoja alimuuliza karibu kulia. Aliogopa kila kitu kilichokwenda mbele.

Binti yake alipiga simu kila Jumapili. "Baba, njoo ukae na sisi. Chumba kipo."

"Na nyumba nimwachie nani?"

"Nyumba haili, Baba. Wewe ndiye usiyekula."

"Nakula sana."

"Nasikia sauti yako inavyorudi kama mwangwi. Hapo ndani umekaa na nani?"

Alikuwa anajibu kwamba atafikiria. Hakuwa anafikiria. Nyumba ya binti yake aliijua, ina zulia kutoka ukuta hadi ukuta. Moyoni alikuwa na neno moja tu aliloshindwa kumwambia mtu: alitaka mzunguko mmoja zaidi. Mmoja kamili, pua kwa mlango, kama zamani. Akiupata huo, mengine yawe yatakavyokuwa.

Kinyozi ndiye aliyemfuata nyumbani, na mkasi wake mfukoni, kwa kisingizio kwamba kichwa kile sasa kinaaibisha wateja. Akamkalisha kwenye kiti katikati ya sebule, akamfunga shuka shingoni. Alikuwa amefika nyuma ya sikio la pili alipousimamisha mkasi.

"Mwalimu. Bodi ya gari la mama imenyanyuka."

"Imenyanyuka vipi?"

"Imetoka kwenye vishikizo. Kuna kitu kinaisukuma kutoka ndani."

Mwalimu aliinuka na shuka lake, nywele zikimwagika. Walifunua bodi. Betri ilikuwa imefura kama shavu la mwenye jino bovu, imeng'oa kamba yake, ngozi yake inang'aa kwa kuvutika. Kinyozi hakusema kitu, na hapo ndipo ungejua kwamba alikuwa na utu, maana hotuba ile ya betri alikuwa ameisikia kwa masikio yake mara nyingi kuliko wimbo wa taifa. Mganga hajigangi.

"Hii inaweza kuwaka," alisema tu, kwa upole. "Tuitoe nje."

Waliilaza kwenye ndoo ya mchanga uani. Mwalimu alichuchumaa kando ya ndoo, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado, akalia waziwazi kama mtoto.

"Nilijua," alisema. "Usidhani sikujua. Kila siku nilijua inaharibika. Lakini ile chaji aliiweka yeye. Nilipoitazama nilijiambia bado ana mzunguko wake mmoja umo humo ndani, hajauendesha."

Kinyozi alichuchumaa naye. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyehama. Mwishowe akasema, "Gari lenyewe ni zima, Mzee wangu. Tia betri yako. Liendeshe."

"Rimoti ya mtu ni mswaki wake."

"Mwenye mswaki hayupo," alisema Kinyozi. Yalikuwa maneno magumu, na mtu mwingine yeyote angefukuzwa.

Jioni hiyo Mwalimu aliishika rimoti ya mkewe kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyepesi kuliko yake. Chini ya mahali pa dole gumba palikuwa na kipande cha plasta, ile ya kufungia kidonda, imekuwa nyeusi kwa jasho, akadhani mkewe alikuwa ameweka ili isimteleze. Alitia betri yake kwenye gari, akasimama upande wa kulia wa mlango wa jikoni, akavuta moto mpaka kidole kikafika mwisho.

Gari lilikwenda. Liliteleza vizuri, kwa adabu, kama mama mtu mzima anayevuka dimbwi. Lakini gari alilolikumbuka yeye lilikuwa upepo. Gari alilolifukuza miaka yote lilikuwa linamtoa jasho kwapani, na hili lilikuwa linatembea. Akajua ni gonjwa. Akaifungua mota, akaisafisha. Akabadili gia zake, akaondoa vumbi kwenye kila beringi kwa sindano, akatia betri nyingine. Siku kadhaa hakufanya kitu kingine akitoka kazini. Gari lilirudi vile vile, linateleza taratibu, na kidole chake kimefika mwisho.

Jumapili binti alipopiga simu hakungoja aulizwe. "Nitakuja," alisema.

"Kweli, Baba?"

"Njoo unichukue. Hapa hakuna tena kitu."

Aliamini gari lile limekufa na mwenyewe. Alitia magari yote mawili kwenye mfuko, akaenda nayo kwa Kinyozi ayaache huko, maana nyumba ya zulia ingekuwa na kazi gani nayo? Kinyozi alikuwa anamaliza kichwa cha mtu. Alipomaliza akafunga mlango wa duka, akaliweka gari la Mama Mkate kwenye sakafu ya ukumbi.

"Limekuwa zito," alisema Mwalimu. "Nimebadili kila kitu. Nakuachia, huenda ukapata dawa. Mimi lilinishinda."

Kinyozi aliomba rimoti. Akaigeuza, akaona ile plasta, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

"Mwalimu, hukuibandua hii?"

"Niibandue kwa nini? Ni yake."

Kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja. Alianza kusema, akaacha, akaanza tena. "Gari halina ugonjwa. Chini ya hii plasta kuna kitufe cha kuzungusha, cha kupunguza moto. Hata ukivuta mpaka mwisho, gari linapata nusu na kidogo tu. Mama alikizungusha chini, akakifunika kisimponyoke."

"Lini?"

"Zamani. Tangu mlipoanza kuja hapa."

Mwalimu alitazama kidole chake cha shahada. Alikumbuka kwamba akimfukuza mkewe, kidole hicho hakikuwahi kufika mwisho, na kwamba hilo nalo alikuwa akijisifia, akisema ndio ufundi, mtu hatumii nguvu zake zote. "Na wewe ulijua."

"Sote tulijua. Alituapisha." Kinyozi alitazama sakafu. "Kuna siku ulitoka kwenda kununua maji. Tulimsihi sana. Akaibandua, akauzunguka ukumbi mzima mara moja tu, mlalo mmoja, hakulinyoosha gari hata kona moja. Watu walisahau kupiga makofi. Akaibandika tena, ukarudi na maji yako, ukasema haya tuanze, na leo pia huniachi."

Mwalimu aliyachukua magari yake, yote mawili, akarudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima alikuwa na hasira. Kumbe alikuwa anafanywa mtoto! Kumbe ukumbi mzima ulikuwa unamtazama anavyoruka, mtu mzima na mvi zake, akitangaza kwamba hajaachwa. Hasira ilimfikisha mlangoni, na hapo ikamwacha, kwa sababu ndani hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Alikaa kwenye kochi bila kuwasha taa, na kilichobaki baada ya hasira kilikuwa kibaya zaidi. Alikuwa amesubiriwa. Kila jioni, miaka yote ile, mtu aliyeweza kwenda alikuwa amebaki kwa ajili yake, na yeye hakujua ashukuru.

Kesho yake aliibandua plasta. Akakizungusha kitufe hadi juu, akavuta moto. Gari lilirusha mkia, likajizungusha mara tatu kama kuku aliyechinjwa, likaugonga ukuta na kuangusha chupa zote. Alijaribu tena na tena, akaona kwamba lile gari hataliweza kamwe, akacheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu matanga. Kisha akakirudisha kitufe mahali pake. Hakuhitaji kukisia. Uchafu wa miaka ulikuwa umeacha mstari.

Akaanza kujifunza kutangulia. Njia alizijua, za mkewe: pana kwenye dirisha, nyembamba kwenye televisheni, ndefu kando ya makochi. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Mama Mkate, akikumbuka vizuri, alikuwa halitazami gari lake. Macho yake yalikuwa nyuma kidogo daima, na Mwalimu alikuwa akidhani anatazama mlango wa kutokea, kama ule wa siku ya uwanja wa kiwanda. Sasa akaelewa alikuwa anatazama nini. Naye akitazama huko nyuma, vigae vilikuwa vitupu.

Binti alikuja na lori dogo na wapakizi wawili. Ni mwanamke mrefu, ana mabega ya mama yake na wasiwasi wa baba yake. Aliondoka nyumbani kabla ya magari madogo, na kwake yalikuwa ni mngurumo tu aliousikia kwenye simu nyuma ya sauti za wazazi. Siku nzima walipakia. Makochi yakatoka, rafu ikatoka, televisheni ikatoka. Alasiri wapakizi waliketi nje kunywa maji, na binti aliingia sebuleni na ufagio, akamkuta baba yake amesimama mlangoni pa jikoni.

Sebule haikuwahi kuwa vile. Ukuta hadi ukuta ilikuwa sakafu tupu, na hata kukohoa kulirudi.

"Baba, umesahau nini?"

"Mama yako hakuwahi kupata nafasi kama hii," alisema. Akafungua mfuko wake, akatoa magari, akampa binti rimoti yake mwenyewe. Mkono ulisita kidogo kuiachia. "Shika. Vuta hapa kwa kidole, huku zungusha. Utakuwa nyuma yangu."

"Baba, mimi sijui haya mambo. Lori linasubiri."

"Lisubiri."

Binti alimtazama usoni, akaegemeza ufagio ukutani.

Alikuwa mbovu, jamani. Alipiga ukuta wa dirisha, akapiga mlango, akampiga baba yake kifundo cha mguu. Kila mara mguu wa kulia wa Mwalimu ulikita kigaeni, puu, na binti akacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha mtu mwingine kabisa. "Likinijia linageuka!" alilalamika. "Kulia kunakuwa kushoto!"

"Usitazame ukuta. Ukiutazama unaugonga. Nitazame mimi tu, nenda niliko."

Dole gumba lake lilipita juu ya plasta. Akaiinua ukingo taratibu, akakizungusha kitufe chini zaidi ya ule mstari wa uchafu, akaibonyeza tena. Binti alikuwa ameinama kulinyoosha gari, hakuona.

Wakaanza. Pana kwenye dirisha. Mwalimu hakulitazama gari lake hata kidogo. Alilitazama lile la nyuma, linavyoyumba, linavyochelewa, na kila lilipochelewa kidole chake kililegea kidogo, na lilipojikaza akalipa njia. Nyembamba pale televisheni ilipokuwa. Pua ya gari la nyuma ikakaribia mlango, ikakaa. Ndefu kando ya makochi yasiyokuwepo, magari mawili yamelala ubavu mmoja, na nje dereva wa lori akapiga honi, na hakuna aliyesikia. Wakafika mlangoni pa jikoni bila kugusana.

"Baba!" Binti aliruka, mtu mzima mama wa watoto, rimoti juu. "Umeona? Hujaniacha! Hujaniacha, Baba!"

Mwalimu Breki alifuta macho kwa mkono wa shati. Akakiinua kidole chake cha shahada, akakipuliza.

"Leo umenibana kweli," alisema.